Kabla ya Kigomasha: Mafunzo Niliyopata Katika Wiki ya Mwisho

Habari za mbio za baskeli za hisani huandikwa zikishamalizika: nani kafika wa kwanza, shilingi ngapi zimepatikana, mgeni rasmi kasema nini. Wiki ya mwisho kabla ya bendera kupeperushwa haina mwandishi, ingawa kwa maoni yangu mambo mengi huharibika au kutengenea humo.

Mimi ni mwalimu wa skuli, na kwa miaka ya karibuni nimekuwa nahodha wa timu inayoshiriki mbio za kuchangisha fedha za vifaa vya vituo vya afya hapa Pemba. Tunaanzia bandarini Mkoani, tunapita Mtambile na Chake Chake, tunaingia Wete, tunafika Konde, tunakata msitu wa Ngezi hadi kwenye mnara wa taa wa Ras Kigomasha uliojengwa mwaka 1900, halafu tunarudi kwa njia ya Ole. Kisiwa chenyewe kina urefu wa kilomita 67 hivi tu, lakini barabara zake zinapinda na kuzunguka. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 150, na zote ni za siku moja. Timu yetu ni watu sita: walimu watatu, muuguzi, seremala na kijana mmoja mvuvi. Wawili kati yetu ni wanawake. Baskeli ni mchanganyiko wa Phoenix za Kichina, zile nzito zinazokaribia kilo 20, na baskeli za mtumba zenye gia.

Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Njia ikaguliwe kwa baskeli, na kwa saa zile zile za mbio

Mgeni akiambiwa Pemba haina mlima hufurahi. Ni kweli haina. Kilima chetu kirefu kabisa hakifiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Tabu yake ni kwamba vilima havikwishi. Unapanda, unashuka kwenye bonde la mpunga, unapanda tena, na hivyo hivyo karibu njia nzima tangu Mkoani. Mtu aliyezoea kupita huko ndani ya gari ya abiria ya 603, kabanwa baina ya polo la muhogo na mtoto wa mwenziwe, atakwambia barabara ni nzuri na safari ni fupi. Injini imempandia vilima vyote, naye hana habari.

Kwa hiyo kamati inapokuja na karatasi iliyoandikwa na mtu aliyekagua njia kwa gari, sisi tunaipokea kwa heshima na kuiweka pembeni. Wiki moja kabla ya mbio tunapita wenyewe, kipande kwa kipande, na tunajitahidi kila kipande tukipite saa ile ile tutakayokipita siku yenyewe. Barabara ya asubuhi na ya saa saba mchana si barabara moja. Saa saba watoto wa skuli wanatoka kwa makundi, na mtoto wa Pemba akiona watu sita wamevaa fulana za rangi moja hakai pembeni, anakimbia nao. Alasiri magari ya ng'ombe yanarudi kutoka mashambani, na ng'ombe hajui kengele.

Tunaandika mambo machache tu. Wapi mteremko unaishia kwenye kona au daraja jembamba, ili mtu wa mbele apige breki mapema. Wapi kuna mchanga uliomwagika. Wapi ujenzi umebadilisha njia, maana barabara ya Chake na Mkoani imekuwa katika kujengwa upya na unachokijua cha mwezi uliopita kinaweza kuwa kimekwisha chimbwa.

Ngezi ndiko kuliko na funzo lake peke yake. Tulipokwenda kukagua, njia ndani ya msitu ilikuwa ya udongo, yenye mizizi na matope ikinyesha usiku. Hayo kila mtu anayategemea. Asilolitegemea ni kiza. Unatoka kwenye jua kali la Konde, unaingia chini ya miti mikubwa, na kwa nukta kadhaa macho hayaoni kitu. Shimo liko hapo hapo. Tangu siku hiyo sheria yetu ni kuvua miwani ya jua na kupunguza mwendo kabla ya kuufikia msitu, halafu mtu aende kasi macho yakishazoea.

2. Miguu iachwe

Hili ni fupi, na ndilo gumu kuliko yote kwa vijana. Walimu wa mchezo huu wanakubaliana kwamba katika wiki mbili za mwisho mtu apunguze wingi wa mazoezi kwa asilimia 40 hadi 60, ila abakishe vipande vichache vya kasi ili mwili usilale. Mazoezi makali ya wiki ya mwisho hayakuongezei nguvu ya siku ya mbio, yanakuongezea uchovu.

Mvuvi wetu hakuamini. Ilikuwa baada ya mashindano ya dunia ya baskeli yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, na vijana wengi hapa Chake waliyaangalia kwenye simu. Akaona wale watu wanavyopanda vilima vya Kigali, naye akataka kujipima na vya kwetu, kila jioni. Ilibidi muuguzi wa timu amfungie baskeli yake kwenye ua wa nyumba yake na kuondoka na ufunguo.

3. Upepo na kalenda ya kisiwa haviombi ruhusa ya kamati

Mbio zetu huangukia msimu wa kusi. Upepo huo unatoka kusini, kwa hiyo kutoka Mkoani hadi Kigomasha unakusukuma mgongoni na kila mtu anajiona bingwa. Ukigeuza baskeli pale mnarani, bingwa anakutana na upepo huo huo usoni, jua liko utosini, na Mkoani iko mbali. Nimeona timu zenye baskeli nzuri kuliko zetu zikimalizikia Ole kwa sababu tu zilitumia nguvu zote asubuhi, wakati upepo ulikuwa unawapa mwendo wa bure. Hesabu yetu ni kufika Kigomasha tukiwa tunaona kama tumekwenda taratibu mno.

Kalenda nyingine ni ya karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo sehemu kubwa ya zao imekuwa ikitoka huku kwetu. Msomaji atauliza karafuu zinahusu nini baskeli. Zikiiva, watu huzianika popote penye jua, na ukingo wa lami ni mahali pazuri sana pa kuanikia kwa sababu lami ina joto. Mikeka na majamvi hutandazwa vijiji vizima. Msafara wa baskeli ukipita hapo kwa fujo, tairi moja linaweza kuharibu kazi ya siku nzima ya mama wa watu, na hisani yenu yote itakuwa imegeuka matusi. Karafuu haiivi kwa tarehe ya kudumu. Mwaka huu mapema, mwakani imechelewa. Tarehe ya mbio ipangwe baada ya kuwauliza wenye mashamba.

Ramadhani nayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kizungu, kwa hiyo kamati inayorudia tarehe ile ile kila mwaka siku moja itajikuta imeialika timu nzima ipande vilima na saumu. Na Ijumaa isiguswe. Nimesikia wakisema wataanza alfajiri wamalize kabla ya sala. Kilomita 150 hazimalizwi kabla ya sala.

4. Vali ni tatu, na dukani iko moja

Watu wakiandaa spea hufikiria ukubwa wa tairi: 26, 28 na kadhalika. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni vali ya tyubu, yaani kile kijimdomo cha kujazia upepo. Kuna nene kama ya gari. Kuna ile ya Phoenix na ya baskeli nyingi zinazotoka Japani, ambayo ndani ina kijimpira chembamba. Na kuna nyembamba sana ya baskeli za mashindano, yenye kichwa kinachofunguliwa kwa kuzungushwa. Pampu ya vali nene haiingii kwa hizo mbili nyingine bila kiunganishi, na tundu la rimu lililotobolewa kwa vali nyembamba halipitishi nene.

Maduka ya spea ya Wete na Chake yamejaa tyubu za Phoenix, kwa sababu ndizo watu wanazozipanda. Mgeni mmoja wa timu ya Unguja alipata pancha mbili karibu na Konde, baskeli yake ikiwa nyepesi ya kunyanyua kwa kidole kimoja, na hakukuwa na tyubu ya vali yake kuanzia hapo hadi bandarini. Alimaliza mbio juu ya karia ya Phoenix, kashika kiti kwa mikono miwili. Watoto wa Konde bado wanamkumbuka.

Sisi tumeamua jambo ambalo fundi wetu wa baskeli alilicheka mwanzo na baadaye akalisifu: tumezifanya baskeli za timu zifanane kwa kadiri ya uwezo. Mwenye rimu za vali nyembamba alizibadilisha. Sasa tyubu yoyote ni ya yeyote, pampu moja inatosha wote, na mfuko wa spea umepungua nusu. Ndani yake kuna tyubu nne, viraka na gundi mpya (gundi iliyofunguliwa mwaka jana imekwisha kauka, usijidanganye), spana, kipande cha cheni na kiungo chake, waya wa breki, na kamba za mpira za kufungia. Kamba hizo zimetusaidia mara nyingi kuliko spana.

Matengenezo yote makubwa yafanyike siku kumi kabla, halafu baskeli ipandwe. Cheni mpya kwenye meno yaliyolika huruka, breki mpya huhitaji kuzoeana na rimu, na spoki zilizokazwa upya hulegea baada ya safari ya kwanza. Fundi akikupigia simu usiku wa kuamkia mbio kukwambia kuna kitu anataka kukiboresha, mshukuru na umwambie akalale.

5. Wageni wa Unguja wafike mapema

Baskeli inayokuja kwa meli inapakiwa kama mzigo, na mzigo hupangwa juu ya mzigo. Wambieni wageni wageuze usukani, wavue pedeli, wafunge gia kwa godoro kuukuu. Pia bahari ya kusi, hasa meli ikishaipita Nungwi, huwalaza watu wazima chini. Mtu aliyetapika njia nzima anahitaji siku ya kula na kulala kabla hajapanda kilima. Na asiwepo wa kuharakishwa. Tangu usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilipozama ikija huku, Mpemba hamhimizi mtu apande chombo kilichojaa ili awahi jambo lolote, mbio au harusi.

6. Muda wa timu ni wa tairi la mwisho

Katika mbio za timu za wenzetu wa Ulaya, muda unaochukuliwa mara nyingi ni wa mpandaji wa nne au wa tano kuvuka mstari. Wengine wanaweza kuachwa njiani. Za kwetu ni kali zaidi: timu imefika akifika mtu wake wa mwisho. Waliotunga sheria hiyo sijui walikusudia nini, lakini imebadilisha kabisa namna tunavyojiandaa.

Kwanza inakulazimisha kumjua mtu wako dhaifu, na kumwambia bila kumfedhehesha. Kwetu ni seremala, mwenye mikono ya chuma na mapafu ya sigara za zamani. Tulimweka wa tatu katika mstari, ambapo upepo ni mdogo na ana watu nyuma yake. Anayekwenda kasi karibu na tairi la mwenziwe anaweza kuokoa hata theluthi moja ya nguvu zake, na hiyo theluthi ndiyo iliyomfikisha seremala. Wenye nguvu hupokezana mbele, dakika chache kila mmoja, halafu anajitoa upande wa kulia akiangalia nyuma kwanza, anarudi mwisho wa mstari. Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda vipande vitatu vya Tour de France mwaka 2024 na kuchukua jezi ya kijani, hufikishwa karibu na mstari wa mwisho na wenzake wanaomkinga upepo saa nzima. Ikiwa yeye anakingwa, seremala wetu ana haki zaidi.

Pili, mstari hauendi bila maneno, na maneno yawe machache. Tunatumia manne: "Shimo!", "Gari!", "Taratibu!" na "Kaputi!", la mwisho likiwa na maana kwamba mtu kaishiwa na mwendo ushuke sasa hivi, bila mjadala. La "Kaputi!" lilichukua muda kuzoeleka kwa sababu wanaume hawapendi kulitamka. Mwalimu wetu mmoja mwanamke akaanza kulitamka kwa niaba yao: anasikiliza pumzi ya mtu nyuma yake, akiona imebadilika, anapiga kelele yeye. Hakuna aliyelalamika.

Wiki ya mwisho tunafanya mazoezi ya mstari tu, mwendo mdogo, kipande kifupi cha Gombani na Ole. Nadhani ndiyo mazoezi yenye faida kuliko yote tuliyowahi kuyafanya, na ndiyo ambayo timu nyingi huyaacha kwa sababu hayachoshi.

7. Nguo zijaribiwe kwa jua

Wanawake wetu wawili wanapanda na suruali pana, kanzu fupi inayofika magotini na mtandio uliofungwa kwa nyuma. Maneno yalikuwepo mwanzoni, sitaki kusema hayakuwepo. Yalipungua walipoanza kupita vijijini kila wiki na watu wakazoea kuwaitikia salamu. Tatizo lililobaki lilikuwa cheni. Suruali pana ikiingia kwenye cheni mteremkoni, mtu anaanguka na hakuna wa kumuuliza. Dawa zilikuwa mbili: kava la cheni la Phoenix kuukuu lililokatwa na kufungwa upya, na bendi ya kitambaa yenye kung'aa kwenye kila kifundo cha mguu. Mtandio ulibadilishwa kutoka kitambaa cha nailoni kwenda pamba, baada ya jaribio moja la saa sita mchana lililomtosha kila mtu.

Wanaume nao walikuwa na lao: kaptura. Tulikubaliana zifike chini ya magoti. Tunapita mbele ya misikiti na vyuo vya Kurani, tunaomba fedha za watu hao hao.

8. Dafu peke yake halitoshi

Ukimwambia Mpemba habari za maji ya mwili atakuonyesha mnazi. Dafu ni zuri, lina potasiamu kwa wingi, lakini chumvi yake ni kidogo, na mtu anayetoka jasho kwa muda wa saa nane anapoteza chumvi nyingi. Wenzetu waliokunywa madafu tu walishikwa na misuli wakirudi. Sasa muuguzi wetu anachanganya mwenyewe: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyofutwa juu, nusu kijiko cha chumvi. Ni ule ule mchanganyiko wanaofundishwa akina mama kwa mtoto anayeharisha. Mtu anywe nusu lita hivi au zaidi kila saa, kidogo kidogo, asingoje kiu.

Chakula cha njiani tumekijaribu cha aina nyingi na tumerudi kwenye kile kilichokuwapo. Mwili unahitaji kama gramu 30 hadi 60 za wanga na sukari kwa saa. Tende ndogo moja ina gramu 5 au zaidi, kwa hiyo tende sita kwa saa ni mwanzo mzuri, na zinakaa mfukoni. Halua ya Wete ina nguvu lakini joto likizidi samli inatoka na mikono inateleza usukanini. Tunaiweka Konde, iliwe kwa kukaa. Ndizi mbivu, mkate wa kumimina uliokatwa vipande, kahawa ya tangawizi kabla ya kuondoka.

Siku mbili za mwisho hakuna pweza, hakuna pilipili nyingi, hakuna karamu ya kuagwa. Hili la karamu ni gumu. Watu wakikupenda Pemba wanakulisha, na kukataa sinia ya shangazi kunahitaji adabu kubwa kuliko kupanda baskeli. Tumewaomba watuwekee baada ya mbio.

9. Hodi kwanza

Barua kwa polisi na kwa wakuu wa wilaya zote nne, Mkoani, Chake Chake, Wete na Micheweni, ni lazima, na kamati nyingi hukumbuka. Wanaosahaulika ni masheha. Polisi anafunga njia panda. Sheha ndiye anayejua kwamba siku hiyo kuna hitima nyumba ya tatu kutoka barabarani, kwamba ng'ombe wa fulani hawafungwi, kwamba kisima kimeharibika na maji mliyoyategemea hayapo. Sheha mmoja wa upande wa Micheweni alitupokea barazani, akasoma barua yetu mpaka mwisho, akaikunja, akasema, "Wanangu, hii mmeileta mapema. Wenzenu walinipungia mkono wakipita." Siku ya mbio alikuwa amekaa barabarani na vijana wake na ndoo za maji.

Jambo la pili ni hospitali. Kila mpandaji awe na karatasi ndogo yenye jina la hospitali iliyo karibu kwa kila kipande: Abdalla Mzee kule Mkoani, iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016, kisha Chake Chake, Wete, na Micheweni. Aandike pia kundi lake la damu, dawa anazotumia na simu ya mtu wa nyumbani. Muuguzi wetu alizipitia karatasi hizo akagundua kwamba mmoja wetu ana pumu na hajawahi kutwambia. Dawa yake ya kuvuta sasa iko kwenye mfuko wa mtu wa mbele na mtu wa nyuma.

10. Fedha ziwe safi kabla ya baskeli

Kuna misafara mikubwa nchini yenye sifa ya kuchanganya baskeli na hisani. Upo wa Twende Butiama, unaotoka Dar es Salaam kwenda kijijini kwa Mwalimu Nyerere. Ipo Kili Challenge, iliyoanza mwaka 2002, ambapo watu hupanda Kilimanjaro na wengine huuzunguka mlima kwa baskeli kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Nyuma ya hiyo kuna makampuni. Nyuma yetu kuna daftari.

Tulijaribu kwanza mtindo wa nje, mchangiaji aahidi kiasi kwa kila kilomita. Haukushika. Mzee mmoja wa Mtambile alinisikiliza vizuri kisha akauliza, "Sasa mwanangu, ukianguka kabla ya Chake, mgonjwa ndiyo akose kitanda?" Sikuwa na jibu, na sijalipata mpaka leo. Tukarudi kwenye njia ambayo kila mtu huku anaijua kutoka kamati za harusi: ahadi kwenye daftari, jina, kiasi, tarehe ya kutimiza, sahihi. Kosa la timu nyingi ni kungoja kukusanya ahadi baada ya mbio, wakati shauku imekwisha na watu wana mambo yao. Sisi tunazidai wiki ya mwisho, kwa upole, mlango kwa mlango, tukiwa tumevaa fulana za timu. Mtu akikuona na baskeli mbele ya baraza yake hawezi kusema amesahau.

Bibi mmoja wa upande wa Wete alitutolea mchango wa karafuu kavu, pishi kadhaa ndani ya kikapu. Tulifurahi, kisha tukaogopa. Karafuu za Zanzibar huuzwa kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali, peke yake, na timu ya baskeli inayoelekea bandarini na mifuko ya karafuu ingekuwa na maelezo mengi ya kutoa. Tukamwomba aziuze mwenyewe kituoni na atupe atakachopenda. Alituletea fedha zote, na pamoja nazo stakabadhi ya mauzo, akasema tuiangalie tusije tukadhani kapunguza. Tulikaa tukitazamana. Kamati yetu yenye katibu na mhasibu ilikuwa haijawahi kumwonyesha yeye karatasi hata moja.

Tangu siku hiyo mambo mawili hayajadiliwi. Fedha ya mchango haigusi gharama za mbio: petroli, maji, fulana na chakula cha mgeni rasmi vitafutiwe mfadhili au vitoke mifukoni mwetu. Hapa kuna vituko. Kampuni moja ilikuwa tayari kutupa fulana kwa wingi. Tukawaomba badala yake petroli ya gari ya wagonjwa, wakakataa, petroli haina pa kuweka nembo. Kwa maoni yangu fulana ndiyo mdudu mkubwa wa hisani za siku hizi. La pili, orodha ya vifaa vitakavyonunuliwa iandikwe na wahudumu wa kituo cha afya chenyewe, pamoja na bei, na ibandikwe kabla ya mbio. Sisi tulikuwa tumeshika vitanda vichwani. Wao walitaka taa ya kujifungulia inayotumia jua, kwa sababu umeme ukikatika usiku kitanda hakimsaidii mkunga kuona.

Hesabu za mbio zilizopita ziko kwenye ubao wa kituo hicho, risiti moja moja, na ya karafuu za bibi iko miongoni mwake. Ndugu msomaji, ukiombwa kuchangia mbio kama hizi, zetu au za wengine, omba uonyeshwe hesabu ya mwaka uliopita kabla hujatoa shilingi.